Toleo la Kumi

Silipendi neno "ndogo". Mtu akiniambia ana shida ndogo, mimi naanza kutafuta mlango. Nililichukia neno hilo katika ofisi moja ya kompyuta jijini Nairobi, mwaka ule wa mahindi ya njano, bosi wetu aliponiambia kwamba kilichompeleka rafiki yangu korokoroni kilikuwa hitilafu ndogo ya kuhesabu.

Kompyuta za siku zile hazikuwa za kubebwa mfukoni. Yetu ilikuwa na chumba chake, chenye mashine ya kupoza hewa, na ilipumua vizuri kuliko sisi tulioitumikia. Wanawake tuliokuwa tukiandika programu tulikuwa wawili tu, rafiki yangu huyo na mimi. Sote tulianzia kwenye kupiga kadi za kulishia mashine, tukapanda kwa kusoma vitabu vya mwongozo wakati wenzetu wamekwenda kula. Kwenye makaratasi ya ofisi tuliendelea kuitwa makarani. Wanaume waliokaa upande wa pili wa chumba, wakifanya kazi ile ile, waliitwa wataalamu.

Alinizidi umri na ujuzi, nami nilimwita dada. Kwao ni kando ya ziwa, kwetu ni upande wa Kakamega. Aliishi Gatwekera, ndani ya Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, pamoja na mama yake mgonjwa wa macho, aliyemleta mjini kutibiwa. Mimi nilipanga Kawangware. Jioni tulitembea pamoja kwa Ngong Road, viatu vya ofisi vikiwa kwenye mfuko na raba miguuni. Tukifika Woodley yeye anakata kuingia Kibera, mimi naendelea na safari yangu. Mengi ninayoyajua juu ya kazi niliyafundishwa njiani pale, pembeni mwa barabara, tukipishana na baiskeli.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu. Bosi, aliyesomea ng'ambo, alikuwa ameandika programu ya kutunza programu nyingine. Sisi tuliiita stoo. Ukibadilisha kazi yako, hata mstari mmoja, unaipeleka stoo. Stoo inaipa namba na kuiweka kando ya ile ya zamani bila kuigusa. Kila moja iliitwa toleo: toleo la kwanza, la pili, la tatu. Siku ukiharibu, unarudi nyuma kuchukua lililokuwa zima. Usiku, mashine ilipofanya kazi yenyewe bila mtu, ilikwenda stoo ikachukua toleo jipya kuliko yote. Kulifuta toleo kuliwezekana pia, lakini ruhusa hiyo alipewa mwenye programu peke yake. Ndilo hilo lililomfunga dada.

Wengi wetu tulikuwa wavivu wa stoo. Wataalamu walikusanya mabadiliko yao hadi mwisho wa mwezi, wakayapeleka kwa mkupuo. Programu ikifika toleo la nne au la tano, bosi anaamuru iandikwe upya, namba zinaanza tena mwanzo. Dada hakuwa hivyo. Gatwekera kitu hakilali nje. Jua likianza kushuka watu huanua nguo hata zikiwa mbichi, huingiza karai, kigoda, kuku, jiko, hata ule ubao wa kuvukia mtaro. Sufuria ukiisahau nje, kesho utaiona kwa jirani ikichemsha maharagwe, na utamsalimia tu upite. Yeye alikuja na desturi hiyo kazini. Kila jioni, hata kama amebadilisha neno moja, aliipeleka programu yake stoo kabla ya kuchukua mkoba. Kufanya hivyo yeye alisema ni kuanua.

"Umeanua?" ananiuliza tukiwa tunajiandaa kutoka.

"Nitaanua kesho, dada. Hiyo kazi yangu haijaisha."

"Ile haijaisha ndio huibiwa. Rudi uanue, nakungoja."

Nami narudi, nanung'unika, naanua.

Kisha mvua ikakataa. Nchi nzima ikala mahindi ya njano yaliyoletwa na meli. Watu waliyatukana kwamba ni chakula cha ng'ombe, na waliyatukana wakiwa kwenye foleni ya kuyanunua. Huko kaskazini hakukuwa hata na foleni, kulikuwa na kungoja lori. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kupanga malori hayo: kila usiku kompyuta inachapa lori gani liende ghala gani, alfajiri madereva wanachukua karatasi zao na kuondoka. Programu ile alikabidhiwa dada. Majina ya maghala yaliandikwa ndani ya programu yenyewe, na kwa kuwa maghala yalifunguliwa na kufungwa kila mara, alikuwa akiibadilisha na kuianua, akiibadilisha na kuianua. Programu zake za awali zilikuwa za siku chache tu; hii haikuwa na mwisho, na bosi hakuthubutu kuisimamisha iandikwe upya.

Siku moja ikaja habari kwamba ghala moja la huko limefungwa na mlinzi wake ameondolewa. Malori yaelekezwe kwa lingine, mbali kidogo, ambako watu walikuwa wamekusanyika. Dada alibadilisha jina mchana huo huo. Jioni nilisimama mlangoni na mifuko yetu sote wawili, nikimharakisha kwa sababu mawingu ya uongo yalikuwa yamejikusanya. Nilimwona akibonyeza, akingoja, akiinuka. Tukaenda zetu.

Malori yakaendelea kwenda kwenye ghala lililofungwa. Madereva walikuwa na karatasi, na karatasi imesema hapo, basi wakashusha magunia nje ya lango wakageuza. Mahindi yakapotea, nani hasa aliyachukua sikupata kujua. Na kwenye ghala lile lingine watu waliendelea kutazama barabara. Wapo waliofia pale wakingoja. Hilo nililisikia kutoka kwa dereva mmoja aliyekuja ofisini kufoka, na sikuthubutu kumwuliza wangapi.

Waliotupa kazi ya malori walikuja na makoti yao na hasira zao. Bosi akafungua stoo mbele ya kila mtu. Skrini ilikuwa ikionyesha matoleo machache ya mwisho tu, na la mwisho kabisa lilikuwa la tisa, lenye jina la ghala la zamani. La kumi halikuwapo.

"Niliweka," dada alisema. "Niliweka jioni, kabla tutoke."

"Kama uliweka, liko wapi?"

"Sijui, mkubwa. Lakini niliweka."

"Na anayeweza kufuta hapa ni nani?"

Nikasema mimi, kwamba nilikuwapo na nilimwona. Mmoja wa wale wageni akaniuliza kama niliona alichokuwa akiandika au niliona mgongo wake. Nilikuwa nimeona mgongo wake.

Miaka ile, baada ya jaribio la mapinduzi, mtu wa kutoka ziwani hakuhitaji kukosa ndipo ashukiwe. Waliotangulia kusema alifuta makusudi ili mahindi yaachwe kwa wezi walisema kwa kunong'ona, na kufikia saa ya chai walikuwa wanasema kwa sauti. Wanaume wawili wakaja kumchukua. Walikuwa wapole sana. Walimwambia abebe sweta, kuna baridi.

Asiyekuwepo na lake halipo. Kabla ya wiki kwisha mtaalamu mmoja alikuwa ameshahamisha kiti cha dada, mwingine akachukua kikombe chake. Mimi nilirithishwa programu ya malori. Jioni nilipita Gatwekera kumwona mama yake, na kila siku aliniuliza neno lile lile kabla sijakaa, "Wamesema nini?" Nikamjibu kwamba wanachunguza. Macho yake hayakuona vizuri, lakini aliugeuza uso wake kwangu mpaka nikaona haya ya kuwa huru.

Bosi alitaka jina la ghala jipya lirudishwe upesi. Nilichukua toleo la tisa, nikabadilisha lile jina, nikalipeleka stoo. Stoo ikakataa. Kwa maneno yake makavu ilisema toleo la kumi lipo tayari.

Niliisoma sentensi ile kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Stoo hii hii ndiyo iliyosema mbele ya wageni kwamba mwisho wa matoleo ni la tisa. Sasa inanizuia kuweka la kumi kwa sababu nafasi ya kumi ina mwenyewe. Nilipomweleza bosi, akasema kwa kuinua bega, "Liite jina lingine, tunachelewa." Nikarudi kwenye kiti. Sikuiomba stoo toleo jipya kuliko yote, kama tulivyozoea. Niliiomba la kumi, kwa namba yake.

Likaja. Mistari ya dada, iliyopangwa vizuri kama nguo zilizopigwa pasi. Jina la ghala jipya lilikuwa mahali pake. Juu yake kulikuwa na alama ya jina lake, tarehe na saa, na saa ni ile niliyokuwa nimesimama mlangoni na mifuko. Hakuna kilichofutwa. Nilipiga kelele, si neno, kelele tu, na wataalamu wote wakageuka kunitazama.

Siku nzima iliyofuata niliisoma programu ya bosi, mstari kwa mstari. Kosa nililikuta mahali ambapo stoo ililinganisha namba ili ijue ipi ni ya mwisho. Ilizisoma kama maneno. Kamusi hutazama herufi ya kwanza, kwa hiyo "babaika" hutangulia "na", hata kama ni neno refu zaidi. Stoo nayo ilitazama alama ya kwanza. Kumi kwa tarakimu inaanza na moja, basi ikaiweka jirani na moja, kabla ya mbili. Tisa ikabaki mwisho wa safu, na ingebaki mwisho hata tungefika hamsini. Ndiyo maana usiku mashine ilichukua la tisa, na ndiyo maana skrini ilionyesha la tisa. Kutoka moja mpaka tisa hesabu hiyo haina tatizo. Na katika ofisi yetu hakuna programu iliyowahi kupita hapo, ila ya yule aliyeanua kila jioni. Uangalifu wake ndio uliomponza. Angekuwa mvivu kama sisi, angekuwa nyumbani na mama yake.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya mstari mmoja. Nililazimisha stoo izigeuze zile alama kuwa namba kwanza, ndipo izilinganishe. Nikajaribu tisa na kumi. Nikajaribu tisini na tisa na mia. Ikahesabu kama watu wanavyohesabu. Nilijisikia furaha, siwezi kukataa, na nikiwa na furaha hiyo nikachapa yote, nikamkimbilia bosi.

Alisoma polepole. Alikuwa mtu msafi, asiyepandisha sauti, na mpaka siku ile sikuwa na neno baya juu yake.

"Ni kweli," akasema. "Hitilafu ndogo ya kuhesabu. Asante. Iweke."

"Na dada?"

"Hiyo sasa iko mikononi mwa wenyewe."

"Mkubwa, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Simu hiyo hapo. Waambie ni mashine."

Aliinuka akafunga mlango. "Unafikiri nikisema ni mashine wataishia hapo? Watauliza nani aliiandika. Mimi niko na watoto."

"Hata yeye ako na mama, na haoni."

"Halafu tena," akasema, akiwa ananitazama kifuani badala ya usoni, "ameshakubali. Nimeambiwa ameandika kwa mkono wake kwamba alifuta."

Nikamwambia huo ni uongo, na kama si uongo basi wamemtesa. Akasema nipunguze sauti. Sikuipunguza. Kama si kwamba mimi peke yangu ndiye niliyebaki kuijua programu ya malori, angenifukuza siku hiyo, na pengine alitamani nimpe sababu.

Nilienda mwenyewe kituoni na karatasi zangu. Askari wa mezani alikuwa anakunywa chai. Akanisikiliza vizuri tu, kichwa kimeinama, nikadhani nimepata mtu.

"Ngoja, mama," akasema. "Unaniambia kumi ni kubwa kuliko tisa?"

"Ndiyo, afande."

"Hiyo hata mtoto wa nursery anajua."

"Mashine haikuwa inajua."

"Mashine ya serikali?"

"Hapana, ya ofisi yetu."

"Basi enda uikemee huko kwenu." Wenzake wakacheka. Akazikunja karatasi zangu, akaweka kikombe chake juu. Nilipoomba nirudishiwe akasema zimeshakuwa za kituo. Nilirudi tena, na tena, mpaka wakaanza kuniambia hawamjui mtu kama huyo, kisha kwamba alihamishwa. Nilitoka pale na hasira zangu, nikatembea hadi Kawangware bila kuona njia. Dua la kuku halimpati mwewe, lakini kuku hanyamazi.

Walimwachilia bila kesi. Hakuna aliyesema kwa nini, kama vile hakuna aliyesema kwa nini walimshika. Bosi aliniambia tukipishana kwenye ngazi, "Umesikia ametoka?" kwa sauti ya mtu anayesema umeme umerudi. Nikamwuliza ataanza kazi lini. Akasema nafasi yake ina mtu. Mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Jumapili nilikwenda Gatwekera. Nilikuwa nimechapa karatasi mpya: matoleo yote ya programu ya malori, yakiwa yamepangwa sawasawa, moja hadi kumi, la kumi likiwa chini kabisa na alama ya jina lake. Njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno. Nilitaka nimwone akikasirika. Nilitaka tukae kitandani tumtukane bosi pamoja, kwa lugha zote tunazozijua.

Mama yake alinifungulia, akanishika mkono akanipeleka ndani kama vile mimi ndiye nisiyeona. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Walikuwa wamemnyoa. Alikuwa amekonda, na mikono yake aliiweka juu ya magoti, viganja juu, namna ambayo sikuwahi kumwona akikaa. Akanisalimia, akauliza watu wa kwetu, akauliza kama Kawangware maji yamerudi.

Nikamweleza yote. Nilieleza haraka, nikijikwaa, nikirudi nyuma. Kamusi, moja, mbili, tisa, jinsi stoo ilivyonikataa, jinsi toleo lake lilivyotokea zima. Alisikiliza kwa adabu, kama msibani mtu anavyomsikiliza mgeni.

"Umeelewa, dada? Hukufuta. Halijafutwa. Hili hapa, na saa yake hii hapa."

"Nimeelewa."

"Basi?"

"Basi nini? Nilifuta."

Nilidhani anaogopa, kwamba labda jirani anasikiliza ukutani. Nikapunguza sauti. "Hakuna mtu hapa. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nakwambia nakumbuka. Nilikaa pale, nikaandika ile amri ya kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nakumbuka vidole vyangu, vilikuwa na baridi."

"Walikuambia hivyo."

"Walisema, ndiyo. Walisema mpaka nikakumbuka."

"Dada, kitu kilichofutwa kitawezaje kuwa kwenye karatasi? Wewe ndiye ulinifundisha hii kazi. Tazama."

Nilimwekea karatasi magotini. Aliichukua. Aliisoma yote, kuanzia juu, mstari kwa mstari, kidole kikishuka pamoja na macho, mpaka kwenye la kumi. Kidole kikakaa pale. Mama yake alikuwa amesimama karibu na mlango, ameugeuza uso upande wetu, anangoja aambiwe wamesema nini. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu kwa moyo wote, mimi nisiyeomba.

Dada alikunja karatasi mara mbili, akanirudishia.

"Umefanya kazi safi, mdogo wangu," akasema. "Stoo sasa itahesabu vizuri. Lakini ukipatana na mtu yeyote wa kule kaskazini, kwa wale walikuwa wanangoja, mwambie naomba anisamehe."

Nikamwambia nitamwambia.